Yuliana Alipewa Ukoo, Hakupewa Kibali

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, ndipo nyumba ya Amosi ilipovunjika. Kuta zilibaki zimesimama na bati lilibaki juu. Kilichoondoka ni mke.

Asubuhi ile haikuwa na dalili yoyote mbaya. Amosi aliamka alfajiri, akafunga tenga lake la karoti. Waliishi kwenye milima ya Uluguru, juu ya Bigwa, mahali ambapo gari halifiki. Mboga hushuka mjini juu ya kichwa cha mtu. Mkewe Yuliana akamtwika tenga.

"Baba Grace, leo usiuze kwa hasira kama wiki iliyopita," alimwambia. "Mteja akisema karoti nyembamba, wewe cheka."

"Nicheke nini? Yeye mwenyewe mwembamba."

"Basi mtacheka wawili." Yuliana akacheka peke yake. "Na uniulizie dawa yangu hospitali. Imebaki chupa moja."

Yuliana alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijichoma sindano asubuhi na jioni. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya chungu kidogo, na chungu kilikaa kwenye mchanga wenye maji, ili dawa isipate joto. Huko mlimani hakuna friji. Kulikuwa na ahadi za umeme tu.

Amosi alirudi saa nane mchana. Kwenye kijito chini ya nyumba alikuta beseni limepinduka. Karoti zilikuwa zimetapakaa kwenye matope, nyingine zimeoshwa, nyingine bado. Maimuna, jirani yake, alikuwa amekaa juu ya jiwe akilia.

"Shemeji, wamemchukua."

"Nani kachukuliwa?"

"Yuliana. Wamekuja watu wa uhamiaji, watatu. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyewaongoza njia. Wanasema si Mtanzania."

"Naye alisemaje?"

"Aliwajibu kwa Kiluguru. Mmoja akacheka, akasema, 'Mama, Kiluguru unakijua kuliko mimi, lakini hukuzaliwa hapa.' Akaomba aingie ndani achukue dawa. Wakamwambia ataipata huko huko."

Maimuna alimlilia Yuliana. Alijililia na yeye mwenyewe pia, maana kwao ni Msumbiji. Hilo alikuwa analijua yeye na mumewe, na Mungu.

Ni kweli Yuliana hakuzaliwa Uluguru. Alizaliwa Burundi. Alikimbia vita akiwa na miaka minane, ameshikwa mkono na mjomba wake. Mjomba akapata kazi ya kukata mkonge upande wa Mikese. Haukupita muda, mjomba akafariki. Mtoto akabaki hana mtu. Mama mmoja wa Bigwa, Felista, alikuwa akipeleka ndizi kuuza kwenye kambi ya wakata mkonge. Alimwona mtoto, akamchukua.

Felista hakujaliwa kuzaa. Kwa Waluguru hilo ni jambo zito. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ukoo unaoitwa lukolo. Shamba nalo hupita kwa mama. Mama asiye na binti, ukoo wake unakauka kama kijito cha kiangazi. Na mtoto ambaye mama yake hana lukolo hana pa kupanda hata mgomba mmoja.

Kwa hiyo Yuliana alipochumbiwa na Amosi, Felista aliwaita wazee wa ukoo wake. Akapika, wakala. Kisha akasimama akasema, "Huyu ni wa tumbo langu. Atakayemwita mgeni, amenitukana mimi." Wazee wakakubali. Siku hiyo Yuliana akapata mama, akapata wajomba, akapata shamba. Watoto atakaowazaa wakapata ukoo hata kabla ya kuzaliwa. Lilikuwa tendo jema. Mpaka leo ni tendo jema.

Kosa lilikuja miaka mingi baadaye, siku ya kuandikisha vitambulisho vya taifa. Mwandikishaji aliuliza, "Umezaliwa wapi?" Yuliana akanyamaza. Felista akadakia, "Bigwa. Nimemzaa mimi." Akatia dole gumba. Amosi alikuwa amesimama pale pale. Hakusema neno. Moyoni aliona ni sawa tu. Mtu amepewa tumbo mbele ya wazee, utasemaje hakutoka humo?

Lakini wakubwa hawakuwepo siku ile wazee walipokula. Wakubwa wanajua karatasi.

Kisha akatokea Wilfred, mtoto wa dada yake Felista. Alilitaka lile shamba la karoti. Akaambiwa lina mwenyewe. Akashuka mjini akasema neno moja tu: "Mrundi."

Jumatano asubuhi Amosi na mama mkwe wake walishuka mjini. Amosi alibeba kile chungu cha dawa, amekizungushia kitambaa chenye maji. Walielekezwa ofisi moja, kisha nyingine. Mwisho wakafika mbele ya afisa kijana.

"Shikamoo, bibi," afisa alimsalimia Felista.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimemfuata binti yangu Yuliana."

"Binti wa kuzaa?"

"Wa kuzaa."

"Ulijifungulia wapi?"

"Nyumbani kwangu, Bigwa."

"Nani alikuzalisha?"

"Mama yangu."

Afisa akafungua jalada. "Bibi, binti yako jana ametuambia ukweli wote. Amesema alizaliwa Burundi. Amesema wewe ulimlea. Sasa mwongo ni nani, yeye au wewe?"

Felista akainamisha kichwa.

"Kumdanganya afisa ni kosa. Ningeweza kukuweka ndani na wewe. Nenda nyumbani, bibi yangu."

Amosi akasogeza chungu mezani. "Basi mpeni dawa yake, afande. Bila hii atakufa."

"Hatupokei dawa za kienyeji hapa."

"Si ya kienyeji. Ni ya hospitali, imo humu ndani."

"Hospitali gani inatoa dawa kwenye chungu? Mzee, ondoa chungu chako."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Amosi aliona aibu, akakichukua. Hakujua kuwa angeweza kuomba kumwona mkubwa wa zamu. Hakuuliza jina la yule kijana. Kadi ya kliniki ya Yuliana, yenye mhuri wa daktari, ilikuwa imebaki nyumbani chini ya godoro.

Ijumaa alirudi na kadi. Mlinzi wa getini alimhurumia.

"Mzee wangu, wamesafirishwa jana. Wanapelekwa mpakani."

"Bila dawa?"

"Mimi nafungua geti tu, mzee wangu."

Jumapili baada ya misa, Mwalimu Winfrida alipanda mlima. Alikuwa mwalimu mstaafu. Parokiani alikuwa katika Kamati ya Haki na Amani, na alikuwa amesomea kazi ya msaidizi wa kisheria, yaani mtu anayewaeleza watu sheria bila kuwatoza kitu. Alimkuta Amosi amekaa kizingitini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Amosi alijibu bila kuinua uso.

"Amosi, mbona hukuniita Jumanne?"

"Nikuite kwa lipi, mwalimu? Wewe una bunduki?"

"Sina. Nina kalamu."

"Kalamu ndiyo iliyomchukua mke wangu."

Winfrida akakaa chini, kando yake. "Nikuambie kweli, hata kama inauma?"

"Sema. Pa kuuma hapajabaki."

"Lukolo ni jambo la ukoo. Uraia ni jambo la nchi. Mama Felista aliweza kumpa Yuliana la kwanza. La pili hakuwa nalo mkononi. Lakini Yuliana ni mke wako wa ndoa, na cheti mnacho. Mke wa raia ana njia yake. Anakwenda uhamiaji mwenyewe, anasema kweli mahali alipozaliwa, anaomba kibali cha kuishi na mumewe. Baadaye anaweza kuomba uraia. Njia ni ndefu, ina karatasi nyingi, lakini ipo. Mlipoandika kwamba amezaliwa Bigwa, mliiziba."

Amosi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na kwa nini hakuna aliyetuambia? Wakati wa kura wanapanda mlima huu mpaka viatu vinakatika. Wanatujua kwa majina, sisi na mbuzi wetu. Mbona hakupanda hata mmoja kutuambia hili la kibali?"

Winfrida hakubisha. "Hapo una haki. Hata sisi wa kamati hatukupanda."

"Haya, na mtu akishachukuliwa, masikini afanyeje?"

"Amfuate siku hiyo hiyo. Aulize jina la afisa na ofisi anakopelekwa, aandike. Akiwa mgonjwa, ipelekwe dawa pamoja na kadi ya hospitali, na aombwe mkubwa wa zamu. Atafutwe msaidizi wa kisheria kabla mtu hajafungua mdomo. Na uongo usisemwe, hata wa huruma. Aliyekamatwa ni mtu. Awe raia au asiwe, anastahili kusikilizwa na kutibiwa."

Kila neno lilimchoma Amosi kwa sababu lilikuwa jepesi. Hata yeye, aliyeishia darasa la nne, alilielewa mara moja.

Wakaanza kumtafuta. Paroko aliandika barua kwa ofisi ya jimbo. Ofisi ya jimbo ikapiga simu kwa mapadre wa ng'ambo ya mpaka. Siku ya kumi padre mmoja akapiga. Yuliana alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya masista.

"Baba Grace."

"Yuliana! Unakula? Dawa unachoma?"

"Nimeanza juzi. Padre kanitafutia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilifika kijiji cha mama aliyenizaa. Hakuna anayenijua. Nikiwasalimia wanacheka. Kirundi changu ni cha mtoto wa miaka minane."

"Vumilia. Mwalimu Winfrida ameandika ombi la kibali. Tumeweka na cheti cha ndoa."

"Karoti umeng'oa?"

"Nitang'oa."

"Usiziache, mvua hii itazipasua ardhini. Grace anasoma?"

"Anasoma. Yuko hapa, anataka kusema na wewe."

Simu ikakatika. Grace, binti yao wa miaka kumi na saba, alibaki ameishika sikioni muda mrefu, kana kwamba mama yake alikuwa ametoka tu kidogo.

Yuliana alifariki Alhamisi Kuu. Siku zile alizokaa bila dawa zilikuwa zimemharibia figo. Walimzika huko huko.

Juu ya Bigwa watu walikaa matanga bila maiti. Twalibu, mume wa Maimuna, ni Mzigua, na Mzigua ni mtani wa Mluguru. Mtani haachi kutania hata msibani. Alisimama katikati ya mikeka akasema kwa sauti, "Amosi, sema kweli, umefiwa au umekimbiwa? Msiba gani hauna kaburi?"

Hakuna aliyecheka. Twalibu mwenyewe akafunika uso kwa kofia yake, akalia.

Wilfred naye alikuja kutoa pole. Felista hakumpa mkono. Amosi alimpa. Alijua ulimi wa Wilfred ndio uliosema, lakini waliokuwa na gari, na kalamu, na ufunguo, ni wengine. Hao hawakuja matangani.

Mwezi wa sita barua ikafika. Grace akamsomea baba yake. Ombi limepokelewa. Mwombaji afike ofisini yeye mwenyewe, akiwa na picha mbili za rangi.

"Soma tena," Amosi alisema.

Grace akasoma tena.

"Inatosha, mwanangu."

Wiki hiyo Twalibu alikuja na Maimuna. Walikuwa wamefunga mizigo.

"Hukujua, lakini mke wangu kwao ni Msumbiji. Namhamishia Dumila kwa dada yangu," Twalibu alisema. "Huko watu ni wengi, magari ni mengi. Nani atamjua?"

Amosi aliitazama mizigo ile. "Usimfiche."

"Wewe ndiye unayesema hivyo? Yaliyokukuta hujayaona?"

"Nimeyaona, ndiyo maana nasema. Mimi nilificha kwa kunyamaza. Wewe unataka kuficha kwa kumhamisha. Ni kosa moja. Twende kwa Mwalimu Winfrida."

"Mimi Mwislamu, naingiaje kwenye kamati ya kanisa?"

Winfrida alipolisikia hilo alivuta kiti. "Waliomchukua Yuliana hawakuuliza anasali wapi. Kaa, Twalibu. Na mkeo akae."

Kamati ikaitisha mkutano wa jumuiya zote za mlimani. Siku hiyo mzee mmoja, Benedikto, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mnataka tuseme mipaka ifunguliwe, kila mtu aingie atakavyo? Kanisa limeanza lini siasa?"

"Hatusemi hivyo, mzee. Nchi ni nyumba, ina mlango, na mlango una mwenyewe. Tunachosema ni kwamba mwenye nyumba asimtupe mtu nje kabla ya kumsikiliza. Maria na Yosefu walivuka mpaka kwenda Misri na mtoto mchanga mgongoni. Wangerudishwa siku ile, wewe na mimi leo tungesali kwa nani?"

Mzee Benedikto akajikuna kichwa. "Haya. Leteni hiyo barua niweke sahihi."

Barua iliandikwa na Winfrida, lakini maneno mengi yalikuwa ya Amosi. Iliomba mke au mume wa raia asiondolewe nchini kabla hajapewa nafasi ya kujieleza mbele ya msaidizi wa kisheria. Iliomba mgonjwa asisafirishwe bila dawa yake. Iliomba pia watu walioishi hapa miaka mingi wapewe muda wa kujitokeza wenyewe, waseme kweli, wasikamatwe kwa kusema kweli. Winfrida alitaka kuongeza maneno ya heshima mwishoni. Amosi akakataa.

"Andika, 'Sheria yenu ni nzito. Sisi tunaibeba kwa kichwa.'"

"Watachukia."

"Nami nimechukia. Tutakuwa sawa."

Winfrida akaandika. Barua ikasomwa kanisani baada ya misa. Waumini wa msikiti wa Bigwa nao wakaweka sahihi. Ikapelekwa kwa askofu, na askofu akaipeleka kwa wakubwa. Miezi ikapita. Kamati ikaandika tena, na tena. Hatimaye mkubwa mmoja akakubali kuja kwenye ukumbi wa parokia, siku moja, bila pingu na bila askari.

Siku hiyo walijitokeza watu kumi na mmoja. Kwa wengi wao, hata majirani hawakujua kabisa kwamba wamezaliwa nje. Maimuna alikuwa wa kwanza. Alisema kijiji alichozaliwa Msumbiji, mwaka alioolewa, na watoto wake watatu. Hakuongeza wala kupunguza. Felista naye alisogea mbele ya meza.

"Mimi sina ombi. Nimekuja kufuta uongo wangu. Yuliana sikumzaa. Nilimpa ukoo, nikadhani nimempa kila kitu."

Mkubwa aliandika.

Februari ya mwaka 2024 Maimuna akapata kibali cha kuishi na mumewe. Wengine sita wakapata vyao, na wanne wakaambiwa wasubiri, wakiwa majumbani mwao. Mkubwa yule alirudi ukumbini kuvigawa. Wanawake wakapiga vigelegele. Twalibu akasimama juu ya benchi.

"Jamani, mke wangu sasa ana karatasi nzuri kuliko zangu! Akinifukuza, mimi nitakwenda wapi?"

Ukumbi ukacheka. Winfrida akatangaza kwamba kuanzia mwezi ule kamati itapanda mlima kila Jumamosi ya kwanza, na mtu yeyote mwenye jambo la uhamiaji aje na cheti chake cha ndoa, kadi yake ya kliniki, na ukweli wake. Watu wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, Amosi akainuka kutoka nyuma. Mkononi alikuwa na barua iliyokunjwa.

"Mheshimiwa, nina swali dogo."

"Karibu, mzee."

"Mke wangu alikuwa anaitwa Yuliana. Padre aliyemzika kule ng'ambo ameniandikia. Wana kitabu cha marehemu. Ndani yake kuna mahali pa kuandika marehemu ni mtu wa wapi. Kijijini alikozaliwa wamemwambia padre hawamjui, asiandikwe kwao. Na huku Bigwa ameishi miaka thelathini, ninyi mkasema si wa huku. Padre ameacha mstari wazi. Ananiuliza mimi."

Mkubwa alifunua jalada lake. Akalifunga. Akamtazama mtu aliyekaa upande wake wa kulia, na yule akatazama chini. Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga bati la ukumbi. Amosi hakukaa.

"Mimi ni mtu wa darasa la nne," alisema. "Mihuri mnayo ninyi. Nimjibu padre aandike mtu wa wapi?"